Upasuaji wa ngozi ukiwa kwenye dawa ya kuyeyusha damu

Nina vali bandia ya moyo, natumia warfarini. Wiki ijayo nakatwa kidonda cha sikioni kilichogoma kupona. Jirani anasema niache dawa siku tano kabla. – Mzee, Uyole

Shikamoo mzee. Jirani hajakosea kabisa: zipo operesheni kubwa, kama za tumbo, ambazo warfarini husimamishwa siku tano hivi kabla. Ya ngozi ni habari nyingine. Hapo daktari anaiona damu inapotoka. Ataibana, ataufunga mshipa au atauziba kwa kuuchoma. Damu ikiganda kwenye vali yako, nani ataibana? Hilo bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Na ukishaacha, dawa huchukua siku kadhaa kurudi kwenye kiwango chake.

Kwa hiyo endelea kumeza, labda daktari wako wa moyo aseme vingine. Siku moja hadi tatu kabla, kapime INR, kipimo kinachoonyesha damu yako inachukua muda gani kuganda. Ikiwa haijavuka 3.5, upasuaji mdogo wa ngozi kwa kawaida huendelea. Ikizidi, kinachosogezwa ni tarehe, na isisogezwe mbali: kidonda sugu cha sikioni kwa mtu aliyelima juani maisha yake yote kinaweza kuwa saratani.

Aspirini ndogo ya kila siku je? – Mama, Mafinga

Nani alikuandikia? Kama ni daktari, kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache. Kama unajinunulia dukani kwa maumivu ya mgongo, mwambie atakayekupasua; hiyo anaweza kukuachisha siku 7 hadi 10 kabla.

Natumia rivaroksabani, natolewa uvimbe mgongoni. Damu ikianza usiku, na mimi nakaa kijijini Makete? – Dada wa Makete

Kwanza, usijirukie dozi. Dawa hii nayo ni ya kuyeyusha damu; huisha mwilini kwa siku moja hivi, na kinga dhidi ya damu kuganda inaondoka. Muulize daktari saa ya kumeza siku hiyo. Wengine hupanga kukata muda mfupi kabla ya dozi inayofuata.

Damu ikitoka, mtu wa nyumbani akunje kitambaa safi, agandamize kwa nguvu dakika 20, akitazama saa. Asichungulie! Kila akifunua, anabandua damu iliyoanza kuganda. Isipokatika, aendelee kubana huku usafiri ukitafutwa. Ningekuwa wewe, msimu huu wa mvua ningelala mjini kwa ndugu usiku wa kwanza.

Maumivu ni ya parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu, ziache hata kama muuza duka anazisifia.

Niko kwenye warfarini. Niache parachichi na mboga za majani kabla ya upasuaji? – Bibi, Tukuyu

Uache parachichi ukiwa Rungwe? Hapana, bibi. Kula kiasi kilekile ulichozoea. Figiri na chainizi zina vitamini K: ukizidisha ghafla dawa inapungua nguvu, ukizikata ghafla inazidi. Cha kumtajia daktari ni vidonge vya kitunguu saumu na dawa za mitishamba. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno.