Ukipima albedo, anza na kihisi cha chini

Wengi wakipata vifaa vya kupima mionzi ya jua, macho yote huwa kwenye kihisi kinachotazama juu. Hicho ndicho hufutwa na kusawazishwa kwa pimamaji. Mimi nikienda kukagua kituo huinama kwanza nikaangalia cha chini.

Albedo ni mionzi inayorudishwa na ardhi ukiigawanya kwa ile inayoshuka. Piranomita mbili, yaani vipimo vya mionzi ya jua, moja ikitazama juu na nyingine chini, hufungwa mgongo kwa mgongo, basi. Theluji mpya hutoa 0.8 au zaidi, nyasi mbichi karibu 0.2, lami nyeusi hata 0.1 inaweza isifike. Sasa chukua mchana usio na wingu: juu unasoma wati 1000 kwa mita ya mraba, chini kwenye nyasi 200. Kosa la wati 10 juu halikunyimi usingizi. Chini, hilo hilo ni asilimia 5.

Halafu kuna suala la kinachoonekana na kihisi hicho. Kikiwa mita 2 juu ya ardhi, asilimia 90 ya mionzi inayokifikia hutoka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 6. Ukitaka asilimia 99, hesabu mita 20. Kijia cha zege kilichopita hapo, au gari jeupe lililoegeshwa, nalo limo. Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo la mlingoti, zunguka eneo kwa miguu. Mlingoti wenyewe uwe mwembamba, na mkono wake mrefu, usije ukapima kivuli chake.

Vihisi vya bei nafuu vya silikoni havifai kwa kazi hii. Vinaona takriban nanomita 400 hadi 1100 tu, na majani hurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi iliyo karibu na mwanga mwekundu, kwa hiyo vinakuza albedo ya nyasi. Chukua piranomita ya themopaili, yaani inayopima mionzi kwa joto inalolileta, ambayo kuba lake la kioo hupitisha takriban 300 hadi 2800. Usiku ikikuonyesha wati -2 usimpigie muuzaji simu. Kuba linapoteza joto kuelekea angani.

Kwenye hesabu, tupa vipimo vya wakati jua liko chini ya nyuzi 10 juu ya upeo wa macho. Jumlisha mionzi ya siku nzima, ya juu na ya chini, ndipo ugawanye. Wastani wa uwiano wa kila dakika huipa asubuhi hafifu uzito sawa na adhuhuri.