Kisukari na masikio: maneno hayashikiki

SWALI: Nina kisukari aina ya 2 kwa miaka 12. Sauti za watu nazisikia, lakini penye kelele maneno siyapati. Ni sukari au ni umri tu?

JIBU: Huenda ni vyote viwili, ila usiutupie umri lawama kabla hujapimwa. Ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojizungusha kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Zinategemea mishipa ya damu myembamba mno. Sukari ikikaa juu miaka mingi, kuta za mishipa hiyo hunenepa, damu hupungua na seli hufa. Zikifa hazioti tena. Sauti kali nyembamba ndizo hutangulia kupotea, kama "s" na "t", hivyo "saa" na "taa" huanza kufanana.

Omba kipimo cha usikivu na umweleze daktari kama una kizunguzungu au unayumba gizani, maana kiungo cha mizani kiko humo humo. Kwa wengi lengo la HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu, ni chini ya 7%. Kulifikia hakurudishi kilichopotea, bali hulinda kilichobaki. Ukiandikiwa sindano za gentamicin, dawa ya kuua bakteria, taja tatizo lako. Dawa hiyo huua seli zile zile.

Sikio likiziba ghafla, iwe ndani ya saa chache au hadi siku 3, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tatizo hilo hutibiwa kwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Vidonge vyake hupandisha sukari, kwa hiyo sema una kisukari: dawa inaweza kudungwa kupitia kiwambo cha sikio.