Kabla ya Kununua Kompyuta, Mpandishe Fundi Darini

Shule kongwe ikipata fedha za ukarabati, kikao cha kwanza huwa na mazungumzo mawili tu: rangi na kompyuta. Nimekaa kwenye bodi ya sekondari moja ya mwambao wa Tanga, majengo yake ya enzi za mkoloni, nikafuatilia ukarabati kuanzia makadirio hadi makabidhiano. Ninachowaambia wajumbe wenzangu wa shule nyingine ni hiki: fedha ya kwanza iende kwenye paa, unyevu wa kuta na nyaya za umeme. Hayo yakiachwa, masika ya kwanza tu mtakuwa mnafunika kompyuta kwa maturubai.

Fundi anayekagua paa akiwa amesimama uani msimlipe. Apande darini na tochi na bisibisi. Mabati yanaweza kuonekana mazima kumbe kenchi zimeoza pale zinapokaa juu ya ukuta, mahali ambapo maji yamekuwa yakipenya miaka na miaka. Achome kila kichwa cha mbao. Bisibisi ikizama, mbao hiyo ibadilishwe. Isipozama, iacheni. Mbao ngumu za zamani ni nadra kuzipata dukani leo, na kuna mafundi wanaotaka kung'oa kila kitu kwa sababu wanajua watakwenda kuziuza wapi.

Mkikuta paa la asbesto, simamisheni kazi. Haikatwi kwa msumeno wala kuvunjwa kwa nyundo, maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Huloweshwa maji, ikashushwa ikiwa nzima na watu wenye vifaa vya kujikinga, wanafunzi wakiwa likizo. Utaratibu wa kuitupa ulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Vipande visibaki nyuma ya bweni vikisubiri mtu wa kuzungushia bustani ya mchicha.

Sasa kuta, na hapa ndipo fedha nyingi za pwani hupotelea. Majengo ya zamani ya huku ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje taratibu. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, inaisukuma, na baada ya mvua mbili tatu unaona rangi inavimba, kisha plasta inadondoka vipande vipande pamoja na uso wa ukuta wenyewe. Kwetu mhandisi kijana alikuwa ameshaandika saruji kwenye makadirio. Fundi mmoja mzee akabandua kipande kwenye kona ya maktaba, akakisaga kiganjani mpaka kikawa unga mweupe wenye chumvi, akaniambia: "Mwalimu, ukuta huu unataka chokaa. Ukiuvika saruji utatoka jasho kwa ndani." Makadirio yakarekebishwa. Chokaa inachukua muda mrefu kukauka na wakandarasi hawaipendi kwa sababu hiyo, lakini Unguja Mji Mkongwe wanaijua faida yake. Na kabla ya hata kugusa plasta, chimbeni mfereji wa kuondoa maji ya mvua kwenye msingi. Bila mfereji, chokaa nayo itashindwa.

Madirisha nitasema kwa kifupi: aluminiamu ya kuteleza hufunguka nusu tu. Darasa lililojengwa na dari ndefu, baraza na matundu ya hewa linageuka tanuri, halafu mnaombwa fedha za feni.

Umeme ndio elimu ya kisasa yenyewe. Majengo haya yalifungwa nyaya za taa chache na redio ya mwalimu mkuu. Msiongeze soketi juu ya nyaya hizo; fungeni upya, kila jengo na brekaa zake, na waya wa ardhi upimwe, siyo uonekane tu umefukiwa. Kama shule inaingia kwenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulioletwa na mtaala mpya mwaka 2024, ombeni TANESCO umeme wa njia tatu mapema. Karakana yenye mashine kubwa za kuchomelea na kuranda haiendeshwi na laini ya nyumba ya kulala.

Upanuzi nao una tarehe yake. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Hesabuni madarasa kwa wanafunzi 40 kila moja, na matundu ya vyoo yahesabiwe siku hiyohiyo: moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25, pamoja na chumba cha wasichana kujistiri. Nimeona mahali madarasa yanazinduliwa kwa ngoma, vyoo vikasubiri "awamu ya pili". Rampu ya kiti cha magurudumu ijengwe pamoja na msingi. Kuibandika baadaye ni ghali na mara nyingi hutoka na mwinuko usiopandika.

Kabla ya kuchora jengo jipya, eneo lipimwe na hati itafutwe. Baadhi ya shule za zamani zilipewa ardhi kwa mdomo wa mzee fulani, na majirani wamekuwa wakisogeza ua kila msimu. Jengo jipya liwekwe pande ndefu zikitazama kaskazini na kusini, jua la jioni lisiwapige watoto usoni.

Kuhusu fedha, fosi akaunti, yaani shule kununua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe badala ya kumpa mkandarasi kazi yote, inataka kamati zisizolala. Fedha mara nyingi huchelewa, na Juni 30 mwaka wa serikali unafungwa. Kazi za kelele zisiangukie Novemba, kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani wa taifa. Siku ya makabidhiano msisaini mpaka fundi au mkandarasi awape michoro ya mahali nyaya na mabomba yalipopita. Nakala moja ibaki ofisi ya mkuu wa shule, nyingine kwa mhandisi wa halmashauri, maana wakuu wa shule huhamishwa na makabati yao hufunguliwa kwa shida.