Gesi ya kutuliza hofu kwa daktari wa meno hailazi usingizi
Je, ukivuta gesi hii kwa daktari wa meno utalala usingizi? Hapana, hulali. Ni nitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, unaivuta kwa kibarakoa kidogo cha puani. Dakika chache tu vidole vinakuwa kama vinatekenywa, mabega yanalegea, wengine wanacheka ovyo, lakini daktari akisema "fungua mdomo" unasikia na unafungua. Sindano ya ganzi iko palepale, ila hutaijali sana. Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno. Mwishoni tunampa mgonjwa oksijeni tupu kama dakika 5, kichwa kinarudi sawa. Ukiwa na mafua na pua imeziba, ahirisha, gesi itapitia wapi? Na mwenye mimba changa amwambie daktari kabla.