Viza ya Matembezi Si Kibali cha Kazi

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Kondele, Kisumu. Binti yangu ana cheti cha kuwahudumia wazee, na wakala mmoja anataka tumlipe ili ampeleke Uingereza kwa viza ya matembezi, akidai kwamba kibali cha kazi kitapatikana akishafika. Je, inawezekana?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Haiwezekani, mama, nami nawasihi msitoe hata shilingi moja. Sheria za Uingereza hazimruhusu mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi kuajiriwa, wala kuibadilisha kuwa viza ya kazi akiwa bado humo nchini, na anayethubutu huweza kufukuzwa na kunyimwa viza kwa miaka kadhaa. Viza ya kazi huombwa kabla ya safari, baada ya mwajiri mwenye leseni kumpa mwombaji hati ya udhamini. Orodha ya waajiri hao husomwa bure katika tovuti ya serikali ya Uingereza. Tena, tangu Julai 22, 2025, nafasi za wahudumu wa wazee zimefungwa kwa waombaji wapya walio ng'ambo, jambo ambalo wakala huyo ama halijui ama anawaficha. Wauguzi waliosajiliwa bado wanapokelewa, na iwapo binti yako ana moyo wa kazi hii ya heshima, kusomea uuguzi ni njia ndefu lakini halali.

Hakikisheni pia kama wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ikiwa mmeshamlipa chochote, hifadhini stakabadhi na mpige ripoti polisi mapema.