Maswali ya Wasomaji: Kurasa Zinazokataa Kufunguka Mwanzoni mwa Mwezi

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Kawangware. Nina duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala, na mwezi huu wa Juni una pilkapilka nyingi kwa kuwa wateja wanakimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi. Tarakilishi yangu ya mezani ni ya mtumba, inatumia Windows 7 pamoja na Chrome. Kurasa nyingine hufunguka bila taabu, lakini nyingine huleta onyo kwamba muunganisho si wa faragha, na chini yake huwa kuna maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Ukurasa unaokataa leo huenda ukafunguka keshokutwa, na uliofunguka leo ukakataa. Kwenye simu yangu, kwa waifai ileile ya dukani, kurasa zote hufunguka. Fundi alikuja tarehe 14 Mei, akakiondoa kivinjari na kukiweka upya, akachukua shilingi 1,500, na kweli kukawa shwari hadi mwezi ulipoisha. Sasa shida imerudi na fundi anasema sharti mashine ifutwe yote. Tarehe nimeiangalia, nayo ni 3/6/2025 kama ilivyo leo, ingawa kalenda ya mashine inasema ni Alhamisi ilhali sisi tuko Jumanne. Jingine, sijui kama lina maana: kila asubuhi mashine huomba tarehe kabla ya kuwaka, na kijana wangu hulalamika kwamba kuna siku huikataa mpaka aiandike kinyume. Jioni tukifunga huwa tunazima stima ukutani. – Mama Duka, Kawangware

JAWABU: Mama, usikubali mashine ifutwe. Kivinjari chako ni kizima, mtandao wako ni mzima, na kurasa zenyewe hazina kasoro, kwa maana simu yako inazifungua kupitia waifai hiyohiyo. Kilichopotoka ni saa ya mashine, nayo imepotoka kwa namna ambayo ukiitazama unaiona iko sawa.

Tuanze na hiyo Alhamisi, ambayo umeitaja kana kwamba ni kasoro ndogo. Tarehe 3 Juni 2025 ni Jumanne. Alhamisi ni tarehe 6 Machi 2025. Mashine nyingi za mtumba zinazoletwa humu nchini huwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, kwa hiyo kijana wako anapoandika 03 kisha 06, yeye anakusudia tatu Juni, lakini mashine inasoma sita Machi. Pembeni ya kioo inakuandikia 3/6/2025, nawe unaridhika. Ukitaka kuhakikisha, onyo lile likitokea tena bonyeza maandishi ya NET::ERR_CERT_DATE_INVALID yenyewe. Yatafunguka na kukuonyesha cheti cha tovuti kinaisha lini na mashine inadhani leo ni lini, na hapo mwezi huandikwa kwa jina wala si kwa namba.

Sasa, kwa nini kurasa nyingine zifunguke na nyingine zikatae? Kila tovuti inayoanza na https huwa na cheti kinachothibitisha kwamba ndiyo yenyewe, na cheti hicho, kama kibandiko cha ukaguzi kwenye kioo cha matatu, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kivinjari hukilinganisha na saa ya mashine yako, si na saa ya mahali pengine popote. Ikiwa mashine inaamini ni Machi, tovuti iliyopata cheti chake mwezi wa Januari itapita, lakini ile iliyokipata Mei itaonekana kuwa na cheti ambacho bado hakijaanza kutumika, nayo itazuiwa. Septemba 2020 uliwekwa mpaka kwamba vyeti vipya vya umma visizidi siku 398, na vingi sana siku hizi hudumu siku 90 tu, ndiyo maana kosa la miezi mitatu linatosha kuangusha kurasa nyingi bila kuziangusha zote.

Tukiifuata hesabu hiyo, yale mengine uliyoyaeleza yanajieleza. Tarehe 9 Juni, ikiandikwa vivyo hivyo, itasomwa kuwa 6 Septemba, na hapo mashine itakuwa imeruka mbele. Vyeti vya siku 90 vilivyotolewa mwezi wa Aprili vitaonekana vimekwisha, hali vile vilivyokataliwa tarehe 3 huenda vikakubaliwa. Tarehe 6 Juni kila kitu kitafunguka, kwa kuwa sita ya mwezi wa sita ni ileile usomavyo mbele au nyuma. Kuanzia tarehe 13 mashine haiwezi tena kuudanganya mwezi, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Inaikataa tarehe, kijana anaigeuza, na duka linatulia hadi mwezi upinduke. Fundi wako alikuja tarehe 14. Hakukudanganya, lakini hata angalikunywa chai tu akaenda zake, kurasa zingalifunguka siku hiyo.

Huenda mtu akauliza kwa nini Windows haijirekebishi yenyewe, ilhali ina sehemu ya kusawazisha saa kupitia intaneti. Katika mashine ya kawaida isiyo ya mtandao wa ofisi kubwa, sehemu hiyo imewekewa mpaka: tofauti ikizidi saa 15 inaiacha saa jinsi ilivyo, kwa kuhofia kwamba seva ya saa ndiyo iliyokosea. Yako inatofautiana kwa miezi.

Chanzo cha yote ni betri. Ndani ya tarakilishi, kwenye ubao mkuu, kuna betri ya duara kama sarafu inayoandikwa CR2032, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuiendesha saa wakati mashine haina umeme. Imekufa. Mashine ya mezani iliyochomekwa kwenye stima huendelea kulisha saa hata ikiwa imezimwa, lakini ninyi mnazima ukutani, na mna sababu nzuri ya kufanya hivyo, kwa hiyo kila usiku saa inapotea. Nunua betri hiyo kwa mtengeneza saa yeyote au kwenye maduka ya Luthuli Avenue. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ulichomlipa fundi. Chomoa waya wa umeme kabisa kabla ya kufungua, toa ya zamani kwa kusukuma kikulabu kinachoishikilia, kisha weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, andika tarehe kwa mara ya mwisho, mwezi ukitangulia, hakikisha ukanda wa saa ni wa Nairobi, halafu ndani ya Windows nenda kwenye mipangilio ya eneo na lugha, uchague mtindo wa tarehe unaoandika mwezi kwa jina. Ukishaikaribia saa sahihi kwa mkono, iamuru mashine isawazishe na mtandao, na safari hii itakubali.

Mawili zaidi, mama. Kwanza, kwenye onyo lile huwa kuna njia ya kuendelea hata hivyo. Usiipitie, na umkataze kijana wako asiipitie. Mteja anaandika nenosiri lake la kodi kwenye mashine yako akikuamini, na onyo hilohilo ndilo ambalo angelionyeshwa iwapo mtu angekuwa amejipenyeza katikati ya mawasiliano. Duka likizoea kulipuuza kwa sababu ya saa mbovu, litalipuuza pia siku ambayo kuna mwizi kweli. Baadhi ya tovuti hazitoi njia hiyo kabisa, na zinafanya vyema. Pili, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na toleo la mwisho la Chrome lililokubali kukaa humo ni la 109, la Januari 2023. Betri itamaliza shida ya sasa. Haitazuia nyingine inayokuja polepole, ambapo ukurasa utafunguka lakini vitufe visibonyezeke au fomu ibaki nyeupe, kwa sababu umeandikwa kwa ajili ya vivinjari vipya. Firefox ya toleo la 115 iliendelea kupewa marekebisho ya usalama kwa mashine kama yako muda mrefu baada ya Chrome kuziacha, hivyo iweke kando kama akiba huku ukidunduliza ya mashine nyingine.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Kahawa West. Simu yangu ina Android 6 na tarehe yake ni sahihi, nimeilinganisha na ya mwenzangu. Tangu mwaka wa 2024 baadhi ya tovuti ninazosomea zinasema cheti hakiaminiki, na maandishi yake yanaishia kwa AUTHORITY_INVALID. Nimefuta akiba na vidakuzi mara nyingi bila mafanikio. – Mwanafunzi, Kahawa West

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kunakili maneno ya onyo, kwa sababu yanakutofautisha na mama wa Kawangware: yeye anaambiwa tarehe haikubaliki, wewe unaambiwa aliyetoa cheti hajulikani. Kufuta akiba hakungesaidia, kwa kuwa orodha ya watoa vyeti wanaoaminika haikai humo. Imo ndani ya mfumo wa simu, na simu ambayo haipokei tena masasisho hubaki na orodha ya sasisho lake la mwisho.

Mtoa vyeti mmojawapo mkubwa duniani ni Let's Encrypt, ambaye hutoa vyeti bila malipo na kwa hiyo hupendwa na vyuo, mashirika na wanablogu. Cheti chake cha msingi hakijulikani na simu zenye Android iliyo chini ya 7.1.1. Kwa miaka kadhaa alidhaminiwa na mtoa vyeti wa zamani ambaye simu hizo zilimjua. Cheti cha mdhamini huyo kilikwisha tarehe 30 Septemba 2021, zikafanywa taratibu maalumu ili simu kuukuu zisiachwe, na taratibu hizo nazo zikafikia kikomo mwaka wa 2024. Hapo ndipo simu yako ilipoanza kukataa.

Dawa ni kutumia kivinjari kinachobeba orodha yake chenyewe badala ya kuitegemea simu, nacho ni Firefox. Duka la programu litakupa toleo la mwisho linalokubali simu yako, na halitakuwa jipya, kwa hiyo litumie kusoma, wala usifanyie humo mambo ya benki. Opera Mini, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa kuokoa bando, inaweza pia kukufungulia baadhi ya kurasa hizo, kwa sababu ikiwa katika hali ya kubana sana hupitisha ukurasa kwenye seva zake kwanza, kisha inakuletea ukiwa umepunguzwa. Lakini upunguzaji huohuo huvunja fomu ndefu na kurasa za kufanyia majaribio ya masomo, na ukiona jibu lako halihifadhiwi, usipoteze usiku ukijaribu tena na tena.

SWALI: Mhariri, nimepanga Pipeline, na ploti yetu ina waifai ya kulipia kwa wiki. Kuna tovuti mbili tatu ambazo hazifunguki kabisa, lakini nikiwasha bando la simu zinafunguka mara moja. – Mpangaji, Pipeline

JAWABU: Ndugu yangu, bando limekwisha kukupa nusu ya jibu: simu ni nzima na tovuti ni nzima, hitilafu iko kwenye njia ya ploti. Angalia kwanza onyo linasemaje. Likitaja DNS, basi ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba ndiyo inayoshindwa, nawe unaweza kuibadilisha mwenyewe kwenye mipangilio ya waifai ya simu yako kwa kuandika 1.1.1.1 au 8.8.8.8 mahali pa DNS. Likisema muda umekwisha bila jibu, au ukaonyeshwa namba 403, yaelekea tovuti hizo zimeizuia anwani ya intaneti ambayo mtoa huduma wenu amewagawia wapangaji wengi kwa pamoja. Jirani mmoja mwenye simu iliyoambukizwa anatosha kuwafungia ploti nzima. Hapo hakuna kitufe kwenye kivinjari kitakachokusaidia. Mwandikie mtoa huduma, umtajie tovuti hizo kwa majina, saa ulizojaribu na maneno ya onyo, na umwambie kwamba kwa bando zinafunguka, ili asije akakuambia uzime simu na kuiwasha.

Siku ambayo tovuti nyingi kubwa zitaanguka pamoja, usiguse chochote. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kote kwa muda wa takriban saa sita kwa kosa la ndani ya kampuni yao, na mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilisota. Siku kama hizo wengi hufuta vivinjari vyao, na mtandao unaporejea wanabaki wakitafuta manenosiri waliyoyafuta pamoja navyo.