Phi Ta Khon: usikate tiketi bado

Dada, umeuliza kama ukate tiketi sasa umpeleke mwanao wa miaka sita kwenye Phi Ta Khon, tamasha la vinyago vya mizimu huko Dan Sai, Thailand. Subiri. Tarehe hutolewa na waganga wa pepo wa mji ule, mara nyingi huwa Juni au Julai. Vyumba ni vichache. Ukikosa, lala mji wa Loei, kama kilomita 80.

Mtoto atapenda vinyago: juu ni kikapu cha kupikia wali wa kunata kwa mvuke, uso umechongwa kwenye shina la kuti la mnazi. Ila wachezaji hutania watu kwa uume wa mbao, ishara ya rutuba, kwa hiyo andaa majibu! Roketi za baruti za tamasha zikirushwa, kaeni mbali na moshi. Ana pumu? Muone daktari kwanza.